Jeli inayotii taa: je, mwanga unaweza kuiongoza neva iliyokatika?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali ya wilaya. Karibu kila wiki napokea kijana aliyeanguka na bodaboda, mkono unaning'inia tu, hahisi kitu. Juzi nimesoma kwamba kuna jeli zinazoitikia mwanga, zinazoongoza seli za neva ziote kuelekea unakotaka. Kinachonishinda ni hiki: seli ya neva haina jicho, sasa mwanga unaielekezaje? Na je, kuna mtu ameshatibiwa kwa njia hiyo, au niwaambie wagonjwa wangu wasubiri?

Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo lina watu nyuma yake: usimwambie mgonjwa hata mmoja asubiri jeli. Sababu ni hesabu ndogo ambayo nitaiweka huko chini, na ukishaiona nadhani itakujia kila ukishika mkono uliolegea.

Sasa hilo la jicho. Habari hizi huandikwa "mwanga waongoza neva", msomaji akabaki na picha ya neva inayoligeukia taa kama alizeti na jua. Katika sehemu kubwa ya kazi hizi mwanga hauna shughuli na neva kabisa. Shughuli yake ni jeli. Taa inabadilisha jeli mahali fulani, neva inapofika hapo inakuta mambo si yale yale, basi inapita au inakwepa. Yenyewe inapapasa tu.

Kupapasa huko kuna kiungo chake. Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akichunguza viinitete vya kuku, aliona kwamba aksoni, ule uzi mrefu unaotoka kwenye seli ya neva, ikiwa inakua huwa na ncha iliyotanuka. Ndiyo inayoitwa koni ya ukuaji. Yeye alikuwa anatazama vipande vilivyokufa na kutiwa rangi, ikabidi awaze tu kwamba kitu kile kilikuwa safarini. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison alikiona kikitembea, kwenye kipande cha kiinitete cha chura alichokitundika ndani ya tone la limfu. Leo ukiitazama kwa darubini utaona kama kiganja kilichofunguliwa, chenye vidole vyembamba vinavyonyooka na kurudi, vinanyooka na kurudi. Kidole kikipata pa kushika, kinashika na kuvuta, na kiganja kizima kinasogea upande huo. Kikikosa, kinarudi ndani. Ni kama mtu anayetafuta kibiriti umeme umekatika. Kwa saa moja kiganja hicho kinasogea mikromita 40 hivi, kama nusu ya unene wa unywele. Zidisha kwa saa 24 upate karibu milimita moja kwa siku. Namba hiyo unaijua toka chuoni, ishike, tutaihitaji.

Vidole hivyo vinajali mambo machache: kama kuna pa kushika, kama mahali ni pagumu au laini, kama kuna nafasi ya kupenya, na kama kuna kemikali ya kuvutia au ya kufukuza. Ukiweza kuyapanga hayo ndani ya jeli, umeipangia neva njia. Mwanga unapendwa kwa sababu unaweza kuelekezwa penye upana wa seli moja, wakati unaoutaka, hata seli zikiwa zimeshakaa ndani ya jeli. Ukimimina jeli kwenye kalibu, umeshaamua kila kitu kabla seli haijaingia.

Kemia yenyewe huenda umeikalia saluni bila kujua. Ukipakwa kucha za jeli, fundi anapaka kitu laini, unaingiza vidole kwenye kitaa cha zambarau, dakika moja baadaye ukucha umekuwa mgumu. Ndani ya jeli ile kuna molekuli zenye mikono, na kuna kichochezi ambacho mwanga ukikipiga kinavunjika vipande visivyotulia. Vipande hivyo vinazichokoza molekuli zishikane mikono, mnyororo baada ya mnyororo. Maabara tunafanya jambo hilo hilo kwa upole zaidi: tunachukua gelatini, tunaipachika mikono ya aina ile ile, tunaiyeyusha kwenye maji yenye chumvi, tunaweka kichochezi kidogo kisichoiudhi seli, na tunamulika kwa taa ya nanomita 405, zambarau kama ya saluni. (Gelatini nyingi ya maabara ni ya ngozi ya nguruwe, naulizwa sana, ya ng'ombe na ya samaki zipo pia na zinafanya kazi.)

Tone la mikrolita 40, taa sekunde 30, kisha unainamisha sahani. Likichuruzika bado, likibaki palepale limeshika. Nilipoanza kazi hii niliacha kichupa cha mchanganyiko mezani, karibu na dirisha, nikaenda kula. Kilikuwa na seli nilizozilea wiki mbili. Niliporudi nikakigeuza juu chini, halikudondoka tone. Jua la saa saba lilikuwa limeshanimalizia kazi. Tangu siku hiyo navifunga vichupa vyangu kwa foili, na chumba nakiwashia taa nyekundu.

Lakini kugandisha jeli nzima hakuiongozi neva popote. Utamu uko kwenye kumulika hapa na kuacha pale. Ukimulika zaidi upande mmoja, upande huo unakuwa mgumu zaidi, na neva kwa kawaida ni kiumbe cha mahali laini. Ubongo wenyewe unakaribiana na maziwa mgando kuliko nyama. Basi unaacha ujia laini katikati ya kuta ngumu, aksoni inafuata ujia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Ying Luo na Molly Shoichet wa Chuo Kikuu cha Toronto, ya mwaka 2004. Walichukua agarosi, inayotokana na mwani (si mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar; ule hutoa karagini, kitu kingine cha kugandisha). Kwa neva, agarosi ni ukuta mtupu usio na pa kushika. Ndani yake wakafunga molekuli zenye ndoano, kila ndoano imevishwa kifuniko ambacho miale ya urujuanimno inaweza kukivua. Wakapitisha leza: ilipopita ndoano zikabaki wazi, kwingine kote zimefunikwa. Kisha wakaingiza peptidi, kipande kifupi cha protini ambacho seli hukitambua kuwa ni pa kushika, kikanasa kwenye ndoano zilizo wazi peke yake. Ukiitazama jeli hiyo kwa macho ni angavu vile vile, huoni alama. Lakini ndani yake zimesimama nguzo zisizoonekana, na seli zilizotolewa kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo zilipowekwa juu zilishuka kwa kufuata nguzo hizo, zikaacha jeli ya pembeni ilivyo. Hapo jeli haikutobolewa wala kugandishwa upya. Kilichobadilika ni anwani tu, "hapa shika, pale hapana". Nguzo zenyewe zilikuwa zimenyooka wima na fupi, ni mbali sana na mkono wa mtu. Hata hivyo jibu la swali lako lote liko ndani ya jaribio hilo moja.

Huko Boulder, Colorado, Kristi Anseth na wenzake walikwenda kinyume. Mwaka 2009 walionyesha jeli ambayo mwanga unaibomoa badala ya kuigandisha, tena seli zikiwa hai ndani yake. Mwaka 2014 wakaitumia jeli ya namna hiyo kwa neva za mwendo zilizokuzwa kutoka seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka aina nyingine: wakachimba mifereji kwa leza, aksoni zikaingia kwenye mifereji. Hapa mwanga ni jembe.

Utaniuliza leza inachimbaje katikati ya jeli bila kuharibu ya juu yake. Fikiria gari bovu ambalo mtu mmoja hawezi kulisogeza, wawili wakisukuma kwa pamoja linakwenda. Unatumia leza ambayo chembe moja ya mwanga wake haina nguvu ya kuvunja kitu. Zinahitajika mbili zigonge molekuli moja kwa wakati ule ule. Msongamano wa kutosha kwa hilo unapatikana pale tu leza inapokutana nukta moja. Juu yake na chini yake chembe zinapita zikiwa zimetawanyika, hazidhuru.

Zipo pia jeli zenye molekuli zinazojikunja kwa mwanga wa rangi moja na kujinyoosha kwa rangi nyingine, ili jeli igeuke na kurudi. Zinasomeka vizuri kwenye majarida. Kwa neva, bado sijaona zikinipa kitu ambacho njia za juu hazinipi.

Nilisema mwanga hauna shughuli na neva "katika sehemu kubwa" kwa sababu ipo sehemu ndogo. Mwaka 2002 kundi la Josef Käs liliweka nukta ya leza kwenye ukingo wa koni ya ukuaji, na koni ikageukia upande wa nukta. Moja moja, kwenye sahani, chini ya darubini ya bei kubwa. Waitaliano wa Genova na Milano, kina Fabio Benfenati na Guglielmo Lanzani, wao tangu 2011 wanaotesha neva juu ya polima, kitu cha jamii ya plastiki, ambayo mwanga ukiipiga inaamsha neva iliyokaa juu yake, mithili ya kipande cha sola. Na mwaka 2015 kundi la Polina Anikeeva wa MIT lilizipa neva jeni inayotoka kwenye mwani mdogo wa majini, zikawa zinaitikia mwanga zenyewe, na zikimulikwa zinarefuka zaidi ya zile zisizomulikwa. Hapo, ukitaka kubishana nami, unaweza kusema neva imepewa kijicho.

Sasa tutoke maabara. Leo usiku zima taa, washa tochi ya simu, ifunike kwa kidole gumba. Kidole kitawaka chekundu. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote. Damu na nyama zimekula bluu na kijani, nyekundu ndiyo iliyoponea. Taa zetu za nanomita 365 na 405 ziko upande ule ule unaoliwa wa kwanza, na ndani ya nyama hazivuki hata milimita chache. Mishipa ya fahamu iliyochanika kwa kijana wako wa bodaboda iko chini ya mtulinga, nyuma ya misuli. Leza ya chembe mbili mbili inasaidia kidogo, nayo pia haifiki mbali kwenye nyama. Kuna wanaotia kwenye jeli chembe ndogo sana za metali adimu zinazomeza infraredi, mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya nyekundu, ambao unapenya zaidi, na kutoa bluu huko huko ndani. Nimezisoma, nazifuatilia, na bado ni za panya.

Ndiyo maana vitu vya mwanga vilivyofika kwa binadamu vimefika kwa milango miwili. Mmoja ni jicho, kiungo kilichojengwa ili mwanga upite. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya PRIMA, kipande cha silikoni cha milimita 2 kwa 2 chenye vinukta 378, kilichobuniwa na Daniel Palanker wa Stanford, kinachopandikizwa chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kupokea infraredi kutoka kwenye miwani maalumu. Wazee waliopoteza uoni wa katikati kwa kuchakaa kwa retina walianza tena kusoma herufi. Lakini hakuna neva inayooteshwa pale. Zilizobaki zinaamshwa tu.

Mlango wa pili ni chumba cha upasuaji. Daktari ameshafungua, neva iko mbele yake, taa inafika bila shida. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kampuni ya TISSIUM cha kuunganisha neva za pembeni bila kushona: polima ya majimaji inawekwa kwenye maungio, inamulikwa, inashika ncha mbili zikiwa zimeelekeana. Asili ya polima hiyo ni maabara za Robert Langer na Jeffrey Karp kule Boston. Wazo ni zuri, kwa sababu sindano na uzi, hata vikiwa vyembamba namna gani, vinaijeruhi neva na kuacha kovu. Ila usilichanganye na lile ulilosoma. Gundi hiyo inazishika ncha tu, haichori njia. Jeli yenye njia iliyochorwa kwa mwanga, kwa mkono wa binadamu, haijawa tiba.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Kutoka shingoni hadi kiganjani kwa mtu mzima ni kama sentimita 70. Kwa milimita moja kwa siku hizo ni siku 700, karibu miaka miwili, ukichukulia kwamba neva haikupotea njia hata mara moja. Msuli usiopata neva hausubiri muda huo; ukipita mwaka hadi mwaka na nusu, pale neva ilipokuwa inaungana na msuli panakuwa pameharibika, na hata neva ikifika haikuti mwenyeji. Jeli bora kuliko zote duniani ingeipa neva barabara iliyonyooka, lakini barabara nzuri haimfanyi mtembea kwa miguu awe na gari.

Tena, neva ya mkono haina njaa kubwa ya njia. Seli za Schwann, zile zinazozifunika aksoni, zilizobaki ndani ya neva iliyokatika zinajipanga mistari na kuiongoza aksoni zenyewe, ndiyo maana kipande cha neva kinachochukuliwa nyuma ya mguu na kupandikizwa mkononi kinafanya kazi. Penye njaa ni ugwe-mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, na ubongo. Huko mazingira yenyewe yanaifukuza aksoni, kovu linaziba, na hakuna wa kuipanga. Mwaka 1981, kule Montréal, Samuel David na Albert Aguayo waliweka daraja la neva ya mguu kati ya shina la ubongo na ugwe-mgongo wa panya, na aksoni ambazo vitabu vilisema haziwezi kuota zikatembea hadi sentimita tatu hivi ndani ya daraja hilo. Tatizo lilikuwa mtaa, siyo mkazi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, jeli hizi za mwanga mahali pake ni huko, kwenye pengo la milimita chache la ugwe-mgongo, zaidi ya kwenye mkono wa dereva wa bodaboda.

Kwa mkono, waliopiga hatua ni wale waliofupisha safari. Mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin alieleza upasuaji wa kuchukua nyuzi chache za neva ya alna, ile iendayo upande wa kidole kidogo, pale katikati ya mkono wa juu, na kuziunganisha na neva ya bisepsi, msuli unaokunja kiwiko. Alna ina nyuzi za ziada, mgonjwa hakosi kitu kikubwa, na safari ya sentimita nyingi inakuwa ya chache. Kiwiko kinakunja tena baada ya miezi, kwa darubini na sindano, bila leza.

Kwa hiyo kwako, dada, cha maana ni kalenda. Kijana akija na mkono mzima umelegea, mtazame jicho la upande ule ule: kope ikiwa imeshuka na mboni imekuwa ndogo, mizizi huenda imeng'oka kwenye ugwe-mgongo, na iliyong'oka haioti kwa kusubiriwa. Huyo mpeleke kwa mpasuaji wa neva mapema iwezekanavyo. Wengine ambao mkono haurudiwi na nguvu wanatakiwa wawe wamefika kwa mpasuaji ndani ya miezi mitatu hadi sita. Mara nyingi nawaona mwaka wa pili, na hapo tunazungumzia kuhamisha kano, neva tena hapana. Aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu na kiganja kikadondoka, wengi wa hao hupona wenyewe. Mfungie kibao cha kuinua kiganja, na viungo vyake usiviache vikakaza.

Na kipimo unacho mkononi. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, kutoka chini kwenda juu, hadi mgonjwa aseme anasikia umeme unaomchoma kuelekea kiganjani. Hapo ndipo zilipofika koni za Cajal. Weka alama kwa kalamu isiyofutika, pima kwa futi kutoka kwenye kiwiko, andika kwenye faili namba na tarehe, maana alama ya ngozini haitamaliza wiki. Mwezi ujao gonga tena. Ikiwa imesogea sentimita mbili hadi tatu, endelea na mazoezi. Ikiwa palepale, usingoje mwezi wa tatu, andika rufaa siku hiyo hiyo.